Binti wa Eugene wa Misonobari

Majella Fowley alifika mlangoni kwangu Jumatano ya pili ya Juni, mwaka 1985, akisukuma baiskeli iliyokatika mnyororo. Alikuwa ameisukuma tangu Manorhamilton, maili sita za mlima na mvua, na maji yalimtiririka mpaka puani. Nilimwambia aingie kwanza, maswali baadaye. Nikamvua koti, nikamkalisha karibu na jiko, nikaongeza motoni vipande vya mboji, ule udongo mkavu wa kinamasi tunaouwasha kama kuni.

"Samahani, Bi Keaney, naona nimelowesha sakafu yako."

"Sakafu imezoea. Na mimi ni Una."

"Bi Una, basi."

Kwa maneno hayo machache nilijua ni mtoto wa Uingereza. Sauti ilikuwa ya Birmingham, inayoshuka mwishoni mwa kila sentensi kama mtu aliyechoka. Lakini lile paji la uso, na jinsi alivyokishika kikombe kwa viganja viwili, vilikuwa vya watu wa hapa Corrashee. Aliponitajia jina la ukoo wake niligeuka nikakoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Alikuwa na miaka ishirini, mwanafunzi wa jiografia, mwaka wa pili. Mwalimu wake wa chuo aliwataka wachague mahali popote pa mashambani, wakae siku kumi, watembee kwa miguu na kuandika jinsi watu wanavyoitumia ardhi. Wenzake walichagua Wales, kwa kuwa ni karibu. Yeye alichagua kwetu, ng'ambo ya bahari. Sababu aliyomwandikia mwalimu ilikuwa ya kitaalamu, lakini sababu yenyewe alinieleza mimi palepale jikoni, nywele zikimchuruzika.

Baba yake, Eugene, alikuwa mjenzi wa barabara. Alitoka nyumbani mwaka 1951 na hakurudi hata mara moja. Si msemaji, angeweza kumaliza mlo mzima bila neno. Ila Majella alipokuwa mdogo, kila jioni kabla hajalala, baba huyo alikaa ukingoni mwa kitanda na buti zake za kazi, akamtajia mashamba ya kwao. Yalikuwa manane. Mengine yana majina ya Kigaeli, lugha yetu ya asili, mengine ya Kiingereza. Nayataja hapa kwa maana zake. Kisimani. Kwenye Mawe. Konde la Mjane. Bondeni. Mgongo Mrefu. Kona ya Biddy. Konde la Ndama. Mbele ya Mlango. Aliyataja polepole, hivyohivyo kila siku, na mara nyingi mtoto alikuwa usingizini kabla ya lile la mwisho.

"Nilidhani ni sala," alisema Majella. "Shuleni walituambia tuchore nyumbani kwetu. Wenzangu walichora nyumba yenye moshi. Mimi nikachora viraka vinane vya kijani. Mwalimu akaniuliza nyumba iko wapi."

"Na baba yako anasemaje kuhusu safari hii?"

"Alisema nivae gambuti."

Hapo ndipo nilipotakiwa kumwambia. Sikumwambia. Nilimkatia mkate wa magadi, nikaupaka siagi nene kama mtu anayelipa faini, nikamwonyesha chumba nilichokuwa nikiwapangisha wageni.

Asubuhi ya Alhamisi mvua ilipumzika kidogo. Alitoka na ramani aliyoinakili kwa karatasi nyepesi, penseli tatu, na mayai mawili ya kuchemsha niliyomfungia. Nilimwona akipanda kilima akitazama huku na huko kama mtu aliyeahidiwa kitu. Kila gari lililopita, dereva aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kumsalimu, naye akawa anapunga mkono mzima. Mpaka leo hajajifunza kutumia kidole kimoja.

Alirudi saa tisa. Hakukaa. Alisimama mlangoni, mikono yote imechanwachanwa na miiba.

"Bi Una, kule hakuna kitu. Ni misonobari tu. Nimezunguka upande wote. Imesongamana hata mkono haupenyi."

"Kaa, mwanangu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha niende?"

"Nilikuacha. Sikuwa na ujasiri wa kukwambia usoni, nikaiachia miti ikwambie. Hilo ni kosa langu."

Alikaa. Nikamweleza. Mama yake Eugene alipofariki, mwaka 1969, ardhi ilibaki bila mtu. Mwaka uliofuata watu wa misitu walikuwa wakinunua vilima vyote vya jimbo letu la Leitrim vyenye ndago na maji, na Eugene aliwauzia kwa barua kutoka Birmingham. Walileta plau kubwa, wakapanda misonobari kutoka mtoni hadi ukutani mwa nyumba. Miaka kumi na mitano. Baba mtu alikuwa akimtajia mtoto wake mashamba ambayo tayari alikuwa ameyauza, na yeye Majella alipokuwa na miaka mitano, sita, saba, akiyasikia kitandani, kule miti ilikuwa inamfika mtu magotini, halafu kiunoni, halafu juu ya kichwa.

Hakulia. Alikula yai lake, akauliza kama nina chumvi.

Ijumaa alikwenda upande mwingine, mbali na miti. Nilikuwa nimemkopesha baiskeli ya marehemu mume wangu. Alizunguka ziwa, akachora kuta za mawe, akahesabu ng'ombe wa watu. Visubi walimla uso mpaka ukavimba. Jioni alipita dukani kwa Josie Clancy kununua dawa ya kupaka, na Josie, ambaye ulimi wake haujawahi kupata likizo, akawaambia wateja wengine:

"Mnamwona huyu? Ndiye binti wa Eugene wa Misonobari."

Wakacheka. Majella naye akacheka, kwa adabu, halafu akauliza kwa nini wanamwita hivyo baba yake.

"Muulize Hughie McMorrow," alisema Josie. "Jirani yenu. Sisi wengine tulipoteza mandhari tu. Yeye jua halijaingia jikoni kwake toka miti ikue."

Aliporudi aliniuliza Hughie McMorrow ni nani. Safari hii nilisema kila kitu. Hughie na Eugene walizaliwa mwaka mmoja, walikaa dawati moja, walipokea komunyo ya kwanza siku moja wamevaa viatu vya kuazima. Eugene alipokwenda Uingereza, Hughie ndiye aliyemkatia mama yake mboji, ndiye aliyezibua mitaro, aliyeinua kuta zilipoanguka. Miaka kumi na miwili ya mwisho alichunga yale mashamba kama yake, kwa ruhusa ya yule mama, na kila mtu alijua kwamba siku moja atayanunua. Hakuwahi kuomba kwa mdomo. Alidhani haihitajiki. Alipata habari kwamba yameuzwa siku plau ilipopita mbele ya geti lake.

"Baba hakumwandikia?"

"Hata kadi ya Krismasi. Na Hughie hajalitamka jina lake tangu siku hiyo. Usiende kule, Majella."

Jumamosi alikwenda.

Nilichokisikia baadaye nilikisikia kwao wote wawili, na maelezo yao yalilingana, jambo la nadra hapa kwetu. Alimkuta Hughie kwenye shamba dogo nyuma ya nyumba, akigeuza nyasi za mifugo. Mwaka ule nyasi hazikukauka. Watu walizigeuza, mvua ikanyesha, wakazigeuza tena, mpaka zikawa nyeusi. Hughie alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kofia ambayo sidhani mama yake aliwahi kumwona bila hiyo. Hakuinua kichwa.

"Umepotea?" aliuliza.

"Sijui bado. Nikusaidie?"

"Uma uko pale ukutani. Kama huujui, usinichome mguu."

Wakafanya kazi kiasi cha saa nzima. Alimwonyesha jinsi ya kukusanya nyasi mkononi, kuzikunja kama mtu anayekunja sweta, na kuziweka chini zikiwa na tundu katikati ili upepo upite. Hakumuuliza jina. Kisha akamuuliza ametoka wapi.

"Birmingham."

"Wako wengi wetu huko. Baba yako ni nani?"

"Eugene Fowley."

Hughie alichomeka uma wake ardhini, akaenda nyumbani, akafunga mlango.

Majella hakujua la kufanya. Kuondoka aliona ni kama kukimbia, na kubisha mlango hakuthubutu. Basi akaendelea na nyasi. Alikunja vikunjo vyake vibaya vibaya, mstari mmoja, mstari wa pili, mvua nyembamba ikaanza, naye anaendelea. Mwishowe mlango ulifunguka.

"Unaniharibia nyasi zangu."

"Najaribu kufanya kama ulivyonionyesha."

"Sikukuonyesha hivyo. Hivyo ndivyo baba yako alivyokuwa akikunja. Hakuwahi kujifunza." Akaja, akaanza kuvikunjua na kuvikunja upya kimoja kimoja. "Amekutuma?"

"Hapana. Hajui kwamba nimekuja kwako. Hata kwamba ameuza hakuniambia. Alinifundisha majina tu."

"Majina gani?"

Akayataja. Alisimama kwenye nyasi zilizolowa akayataja yote manane kama alivyoyapokea, kwa sauti yake ya Kiingereza, na matamshi ya Kigaeli aliyoyachukua kwa masikio tu bila kuyaona yameandikwa. Hughie aliacha kukunja. Alipomaliza, mzee alimwomba arudie. Akarudia.

"Nani amekuambia uyapange hivyo?"

"Ndivyo alivyokuwa akiyataja. Nimeyakosea?"

"Hujayakosea." Alivua kofia, akaivaa tena. "Mtu akihesabu mashamba ya kwao huanzia mlangoni, anakwenda nje. Wewe unaanzia kisimani, chini kabisa mtoni. Hiyo ni njia ya kurudisha ng'ombe jioni, binti. Kisimani walikunywa. Kwenye Mawe unawahesabu, maana ni pembamba. Konde la Mjane unapita haraka kabla hawajaanza kula. Mpaka Mbele ya Mlango, mama yake amesimama na ndoo. Tulifanya hivyo kila siku ya Mungu, mimi na yeye, kutoka miaka sita mpaka alipoondoka."

Majella aliniambia kwamba alipoyasikia hayo alilazimika kukaa juu ya ukuta. Miaka yote alidhani baba yake anamsomea orodha. Kumbe kila jioni mtu yule, na tope la barabara za Waingereza kwenye buti, alikuwa anarudisha ng'ombe nyumbani, na yeye kitandani alikuwa anakwenda naye na kulala njiani.

Jumatatu Hughie alikuja mwenyewe kumchukua. Alisimama nje ya geti langu na panga mkononi. Sikuwahi kumwona na panga barabarani, nikamuuliza kama anakwenda vitani.

"Nakwenda kwa Fowley," alijibu. Jina hilo lilikuwa limekaa miaka kumi na mitano bila kutoka mdomoni mwake, na alilisema akitazama pembeni.

Walianzia mtoni. Ndani ya misonobari mchana hauingii; chini hakuna jani wala ua, ni sindano kavu za kahawia tu, na kimya kinachokufanya usikie nguo zako mwenyewe. Hughie alikata njia, Majella akifuata na karatasi zake. Kisima walikipata, kimezibwa na matawi, lakini maji bado yanatoka. Baada ya hapo mzee alitembea kwa miguu zaidi kuliko kwa macho. Kuta za mawe zilikuwa bado zipo chini ya kuvu na miti, na kila alipougusa mmoja kwa ncha ya gambuti alisimama na kusema, "Sasa tumeingia kwa Mjane," au, "Huu niliujenga mimi, mwaka wa theluji kubwa." Majella aliandika. Alichora kila ukuta mahali pake.

Baada ya Bondeni, Hughie alisimama. Alikwenda kushoto, akarudi. Akaenda kulia. Miti yote ilifanana. Majella alimwona akishika shina moja, kisha jingine, kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ngeni.

"Sipajui," alisema taratibu. "Nilipita hapa mara elfu kumi. Sipajui."

Majella alitoa dira, akatandaza karatasi gotini, akatafuta mteremko kwa penseli. Kisha akamshika mzee mkono juu ya kiwiko na kumwongoza kupanda. Hatua sitini, na ardhi ikaanza kuinuka chini yao.

"Mgongo Mrefu," alisema yeye.

"Naam," alisema Hughie. "Ndio huu."

Walipanda mpaka wakafika nyumbani kwa kina Fowley. Paa hakuna. Msonobari mmoja ulikuwa umeota mekoni na kutokeza juu ya dohani. Jiwe la mlangoni lilikuwepo bado. Hughie alikaa juu yake, panga magotini.

"Fedha nilikuwa nazo," alisema. "Si nyingi kama za watu wa misitu, lakini nilikuwa nazo. Ila si hilo. Angeniandikia tu. 'Hughie, nauza.' Maneno mawili. Ningekasirika mwaka mmoja, halafu ningempelekea viazi."

"Nadhani aliona aibu."

"Basi aibu yake imenigharimu rafiki. Na sikuwa na wengi."

Majella alikaa chini karibu naye, kwenye sindano za misonobari. Aliniambia kwamba wakati ule alimlilia moyoni baba yake kama mtoto mdogo anavyolilia, si baba wa Birmingham anayekula bila kusema, bali yule aliyekuwa na miaka sita, anayekuja nyuma ya ng'ombe. Na yule hakuweza kumpata popote, hata hapo mlangoni kwake.

Siku yake ya tisa ilikuwa Alhamisi, sikukuu ya mtakatifu wa parokia yetu, kwa hiyo watu walikuwa wamejaa barabarani baada ya misa. Kibanda cha simu kiko mbele ya geti langu. Madirisha yangu ni membamba na mimi si mtu wa kujifanya sisikii. Majella aliingia, akatumbukiza sarafu. Hughie alikuwa hatua tano pale nje, ameigeuza baiskeli yake juu chini, anarekebisha mnyororo ambao haukuwa na ubaya wowote.

"Baba, ni mimi. Niko Corrashee... Ndiyo, nimeona... Hapana, sijakasirika. Nilikasirika Alhamisi iliyopita. Nimepita yote, baba, kutoka Kisimani. Hughie McMorrow alinipeleka."

Akatumbukiza sarafu nyingine. Kisha akausukuma mlango kwa mguu, akanyoosha mkono wenye simu kuelekea nje.

Hughie alitazama mnyororo. Barabara nzima ilikuwa imenyamaza. Hata Josie Clancy alikuwa amefunga mdomo. Nilidhani angeipanda ile baiskeli aende zake. Badala yake alifuta mikono kwenye suruali yake ya kanisani, akaingia kibandani, akaishika simu kwa vidole viwili.

"Eugene," alisema. "Nyasi zimeoza mwaka huu."

Akasikiliza.

"La, si zote. Za juu zimepona." Akasikiliza tena. "Wewe hukujua kukunja hata siku moja, na mtoto umemrithisha... Mzuri. Mtoto mzuri... Ndiyo. Ndiyo. Kisima bado kinatoa."

Walizungumza mpaka sarafu za Majella zikaisha, na zangu nilizompelekea nazo zikaisha. Habari za ardhi hawakuzigusa. Nasikia hawakuzigusa mpaka mwisho.

Tangu hapo kila Jumapili saa saba mchana simu ya kibandani ililia, na Hughie alikuwa pale, mvua au jua. Kila mwaka ulipoanza Eugene alisema majira ya joto atakuja. Mwaka 1986 mgongo ulimsumbua. Mwaka 1987 alinunua koti la safari. Nadhani alitaka kwa moyo wote, na nadhani pia aliogopa kuiona ile miti. Vitu viwili hivyo vilikaa ndani ya mtu mmoja wala hakuna kilichomshinda mwenzake. Alifariki Novemba hiyo, kazini, ameinama juu ya mtaro. Walimzika Birmingham. Jumapili iliyofuata nilimwona Hughie akienda kibandani saa saba kama kawaida, nikaona vibaya kumzuia. Alisimama humo ndani na kofia mkononi. Simu ikalia. Alikuwa Majella.

Majella alimaliza chuo. Wenzake walipata kazi London na Manchester. Yeye aliomba Sligo, mji wa huku kwetu, akakataliwa, akaomba tena, na mwaka 1990 akaanza kufundisha shule ya sekondari ya hapa karibu. Hughie aliishi jirani naye miaka kumi. Alimfundisha kukata mboji, kuzalisha ng'ombe, na kuwatambua watu kwa mwendo wao kabla sura haijaonekana. Alipokufa alimwachia lile shamba dogo la nyuma, la nyasi. Ni ekari mbili na nusu, zina maji, hazifai kwa lolote. Mtu mmoja wa Dublin alitaka kulinunua ajenge nyumba ya mapumziko, Majella hakumjibu hata barua.

Siku hizi ana mvi. Jumapili huja kwangu tukanywa chai, maana mimi sasa sitembei mbali. Majuzi nilimuuliza kama bado anayataja yale majina. Alisema huyataja akiwa anaendesha gari, peke yake, lakini hufika Konde la Ndama akaacha, lile la Mbele ya Mlango halitaji. Nikamuuliza kwa nini. Alitazama dirishani, akasema mvua inakuja, na nguo zangu bado ziko kwenye kamba, akatoka kwenda kuzianua.